Mosin-Nagant 91/30 ya 1942: kutu chini ya mbao, bolti nzito, mtutu mweusi ndani. Nianzie wapi?

Mlinzi_wa_Duluth
Wakuu, heshima kwenu. Nina bunduki ya Kisovieti Mosin-Nagant 91/30, alama ya pembetatu na mshale (Izhevsk), 1942, imenunuliwa kihalali hapa Minnesota. Juu inaonekana nzuri. Nimeitoa kwenye mbao, chini nikakuta kutu nyekundu mstari mzima pale ubao unapogusa mtutu, na mashimo madogo karibu na chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa). Ndani ya mtutu ni kweusi, mifereji (ile inayozungusha risasi) inaonekana kwa shida. Bolti (kitasa kinachofunga nyuma ya mtutu) ni nzito kuinua hata bila risasi. Kuna anayeniambia niloweke kwenye siki usiku kucha, mwingine anasema msasa. Nataka kujua pia kama bado inafaa kupigia.

KutuHailali
Mkuu, siki weka kando. Asidi haichagui, itakula kutu pamoja na weusi wa kiwandani, na utabaki na chuma cheupe kinachoshika kutu upya ndani ya saa chache. Asidi ya fosforiki nayo inakula weusi huo. Msasa ndio mbaya zaidi: unakula mihuri, na namba ya usajili iko hapo hapo juu ya chemba. Kuifuta namba hiyo Marekani ni kosa la jinai, usijiingize huko.

Kabla ya kutu, toa chumvi. Risasi nyingi za jeshi la Kisovieti zilikuwa na fataki (kiwashio cha nyuma ya risasi) yenye klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu hewani. Mafuta hayaiyeyushi, petroli haiyeyushi. Maji ndiyo dawa. Ukipaka mafuta juu ya chumvi unaifunika tu, kutu inaendelea chini kwa chini, halafu watu wanalalamika "nimesafisha mbona imerudi".

Kwa hiyo toa kwanza grisi ya zamani kwa mafuta ya taa au spiriti ya rangi, nje, mbali na moto. Petroli hapana, mvuke wake unalipuka. Kisha mimina kama lita mbili za maji ya moto sana ndani ya mtutu, kutoka upande wa chemba, kwa faneli yenye mpira. Maji ya moto yanapasha chuma nacho kinajikausha chenyewe. Pitisha vitambaa vikavu, ndipo brashi ya shaba na dawa ya kuondoa masizi, iache dakika 15, kitambaa, rudia. Kazi yote fanya kutoka upande wa chemba.

Usikate tamaa na weusi wa ndani. Mara nyingi nusu yake ni masizi na shaba ya miaka mingi. Mashimo yatabaki, lakini mtutu wenye mashimo na mifereji yenye kingo kali unaweza kulenga vizuri tu. Kilichoua ulengaji wa Mosin nyingi ni mdomo (ncha ya mbele ya mtutu) uliochakaa.

Chemsha_Kwanza
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Kwa kutu ya nje, usiiondoe, igeuze. Kutu nyekundu ikichemshwa kwenye maji safi inakuwa oksidi nyeusi, magnetiti, ambayo inashikamana na chuma. Weusi wa bunduki nyingi za zamani ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

Unahitaji chombo kirefu. Mtutu wa 91/30 una sm 73, pamoja na risiva (sehemu ya chuma inayobeba bolti) unakaribia mita moja, kwa hiyo kipande cha mfereji wa paa cha chuma cha sm 110, kilichozibwa ncha zote mbili, juu ya majiko mawili ya gesi. Maji yawe yaliyokenekwa, yale ya galoni za dukani. Ya bomba yana chokaa na yataacha madoa meupe. Toa bolti, magazini, kifyatulio na springi zote. Mafuta yasibaki hata tone, maana hapo maji hayatagusa kutu.

Chemsha dakika 20 hadi 30. Utaona nyekundu inageuka nyeusi kama velveti. Itoe, isugue polepole kwa pamba ya chuma namba 0000 iliyooshwa kwa asetoni (hutoka kiwandani na mafuta), huku ikiwa bado na joto. Vumbi jeusi litatoka, weusi ulioshika utabaki. Palipobaki wekundu rudia. Mara mbili au tatu zinatosha. Chuma kikiwa bado moto paka mafuta, nje na ndani ya mtutu, usisubiri kipoe. Ndani ndiko kutu mpya hukimbilia.

Kutoa kutu kwa umeme kwenye maji yenye soda ya kufulia kunafanya kazi pia, ila springi usiziweke humo kamwe: hidrojeni huingia kwenye chuma kigumu na kukifanya kivunjike. Na chuma cha pili, kile unachounga upande mwingine wa umeme, kisiwe stenlesi, kinatoa kromiamu yenye sumu.

Kitu kimoja: bunduki za 1942 zilichongwa kwa haraka ya vita. Mistari ya mashine juu ya risiva usidhani ni uchakavu ukaanza kuilainisha.

Mlinzi_wa_Duluth
Asanteni sana wakuu. Kuhusu mdomo: nikimulika tochi, kama sentimita mbili za mwanzo hazina mifereji kabisa, halafu inaanza. Imekwisha?

TupaLaini
Haijaisha, hiyo imefanyiwa ukarabati karakana ya jeshi. Fimbo ya chuma ikiingizwa kila siku kupitia mdomo inakula mifereji ya mbele, kwa hiyo mafundi walichonga tundu kwa upana zaidi mpaka walipokuta mifereji mizima. Kipimo cha kuingiza kichwa cha risasi mdomoni kuona kinazama kiasi gani hakikufai wewe, kitazama tu. Angalia kwa kioo kidogo ukingo pale mifereji inapoanza: ukiwa mkali na sawa pande zote, uko salama. Safisha masizi ndani ya hilo tundu, ndipo kutu hujificha.

Bolti nzito bila risasi ni suala la bolti yenyewe, hapo unapoinua ndipo springi inapokazwa. Ifungue, ondoa grisi kavu kwenye mteremko wa kokingi (unaokaza springi ya pini), sugua kwa kitambaa, weka grisi nyembamba. Usitumie tupa. Ikiwa inakwama baada ya kupiga tu, hapo ni chemba: brashi ya shaba ya shotigani ya geji 20 kwenye drili ya polepole, na dawa.

Ukirudisha bolti pima pini ya kufyatulia. Kifaa chake cha asili kina pengo mbili, 75 na 95. Pini iguse kwenye 75 na ipite bila kugusa kwenye 95, yaani itokeze kati ya mm 1.9 na 2.4. Ikizidi inatoboa fataki, gesi inakurudia usoni. Unarekebisha kwa kuizungusha, na mfuo wa nyuma ya pini lazima ulingane na alama za kitasa cha nyuma ya bolti.

Kupigia: mashimo karibu na chemba ndiyo ya kuogopa, kwani hapo shinikizo ni kubwa kuliko kote. Mpelekee fundi wa bunduki ayapime kina, na apime nafasi ya kichwa cha bolti kwa geji (vipimo vya umbo la risasi): bolti ifunge juu ya geji ya Go, isifunge juu ya ya Field. Katika Mosin nafasi hii inapimwa kwenye ukingo wa ganda, na kichwa cha bolti ni kipande cha pekee. Kikiwa kimebadilishwa zamani na namba hazilingani, vipimo vinaweza kuwa vimehama. Kabla ya hapo isipigwe.

KutuHailali
Nyongeza ya mbao. Mng'ao mwekundu juu ya mbao ni shelaki. Spiriti (alkoholi, si ile ya rangi) inaiyeyusha, maji yanaifanya nyeupe, kwa hiyo ubao usiuchemshe wala kuupiga mvuke. Grisi iliyoingia ndani ya ubao itoe kwa kuufunga na karatasi za jikoni ndani ya mfuko mweusi juani, ubadilishe karatasi zikilowa. Futa mafuta kwenye mfereji wa ubao unapolala mtutu, na kabla ya kurudisha paka chuma nta badala ya mafuta mepesi, maana mafuta yanakimbilia kwenye ubao na kuacha chuma kikavu. Usiihifadhi kwenye kesi yenye sponji, inashika unyevu. Fungua tena baada ya wiki mbili uangalie chini ya ubao.