Kumpiga picha yangeyange anapodaka samaki

Swali: Habari zenu. Ninapompiga picha yangeyange anayewinda kwenye maji ya kina kifupi, mdomo wake hutoka umefifia kila anapomdaka samaki, ingawa mwili huonekana vizuri. Nirekebishe nini?

Jibu la 1: Ndugu, anza na kasi ya shata (kifuniko cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga): 1/2000 ya sekunde au zaidi, hata kama itakulazimu kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kwa kuwa chengachenga kidogo kwenye picha huvumilika kuliko mdomo uliofifia. Kisha itazame shingo. Akiikunja kama herufi S na kutulia, shambulio li karibu. Anza kupiga picha mfululizo papo hapo, usingoje maji yaruke. Juani, punguza mwanga kidogo ili manyoya meupe yasipoteze mistari yake.

Jibu la 2: Naongezea kwamba usiache kupiga picha samaki akishanaswa, maana mara nyingi ndege humgeuza mdomoni ili ammeze kichwa kikitangulia. Tazama na miguu pia: yangeyange mdogo hutikisa vidole vyake vya njano topeni ili kuwafurusha samaki waliojificha.

Jibu la 3: Lenzi ikaribiane na usawa wa maji. Ndege akiinua kichwa na kukukazia macho, ameshaacha kula, kwa hiyo tafadhali rudi nyuma taratibu.