Je, hati ya kiwanja inatosha kujenga gati binafsi kando ya Ziwa Victoria?

Swali – Mkazi wa Tabata

Ndugu zangu, ninaishi hapa Dar es Salaam, lakini familia yetu ina kiwanja chenye hati katika Manispaa ya Ilemela, Mwanza, kinachopakana na Ziwa Victoria. Tunakusudia kununua boti ndogo ya injini kwa matumizi ya nyumbani, na fundi wa huko ametushauri tusimamishe nguzo za zege majini ili tupate gati fupi la kuifungia. Anasema barua ya serikali ya mtaa inatosha kwa kuwa kiwanja ni chetu, jambo ambalo linanitia shaka. Naomba kufahamishwa sheria inasemaje, na nianzie ofisi ipi kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Jibu – Mpimaji Mstaafu

Shaka yako ina msingi, ndugu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, ukingo wa mto au bwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo, katika kifungu cha 7, inaiweka ardhi iliyo ndani ya umbali huohuo miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Hati yenu inawapa haki ya kutumia eneo lililomo ndani ya bikoni, yaani alama za mipaka, zilizo kwenye ramani ya upimaji. Maji yaliyo mbele yake si sehemu ya kiwanja, hata kama babu aliyafulia nguo miaka yote.

Tazameni pia ukingo wenyewe uko wapi leo. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka kidogo kiwango cha mwaka 1964, ambacho kilikuwa kimeachwa kama kumbukumbu ya wazee, na watu waliojenga wakiamini kwamba wako mbali na maji waliyakuta ukutani.

Jibu – Nahodha wa Kunduchi

Mimi ningeuliza kwanza kama gati linahitajika. Huku kwetu baharini wenye boti ndogo wengi huzifunga kwenye boya lililotiwa nanga, kwa sababu maji yakitoka boti hubaki juu ya mchanga. Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa namna hiyo, lakini kina hubadilika kwa misimu na kwa miaka, hivyo gati la zege linaweza kufunikwa mwaka mmoja, kisha mwaka mwingine likawa juu mno kuliko boti. Jukwaa la mbao juu ya mapipa yaliyofungwa vizuri hupanda na kushuka pamoja na maji, na gugu maji likija kwa wingi unaweza kulivuta nchi kavu. Kwa kuwa si jengo la kudumu, naona pia kwamba katazo la mita 60 haliligusi.

Jibu – Afisa Mazingira

Kuhusu ufundi ninakubaliana na Nahodha kabisa, lakini hitimisho lake la kisheria si sahihi. Kifungu cha 57 hakiishii kwenye shughuli za kudumu. Kinagusa pia shughuli ambayo kwa asili yake inaweza kuathiri hifadhi ya ukingo. Jukwaa linaloelea juu ya matete ambamo samaki huzalia linaweza kuingia humo, ingawa halina hata tofali moja.

Anzieni ofisi ya kanda, iliyoko Mwanza, ya NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, mkiwa na nakala ya hati, ramani ya upimaji na mchoro wa kile mnachotaka kuweka, ili iamue kama tathmini ya athari kwa mazingira inahitajika. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ihusishwe mapema, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji. Kibali cha ujenzi cha manispaa kifuate baada ya hapo. Barua ya mtaa ni ya utambulisho tu. Boti yenyewe ni suala la TASAC, mdhibiti wa usafiri wa majini, na siku mtakayoanza kupakia abiria au mizigo kwa malipo, gati lenu litaitwa bandari bubu, yaani isiyo rasmi, na hapo mtakuwa mmegusa mamlaka ya TPA, inayosimamia bandari nchini.

Zungumzeni vilevile na wavuvi wa mwalo wa karibu, kwa maana wao ndio watakaolalamika kwanza nguzo zikikata njia ya mitumbwi.

Mkazi wa Tabata

Nashukuru sana. Je, gati la zege la jirani yetu, ambalo lipo tayari, haliwezi kutusaidia kama mfano?

Afisa Mazingira

Mwombeni awaonyeshe cheti chake cha mazingira. Akiwa nacho, someni masharti aliyopewa, maana yatawaonyesha mtakachodaiwa ninyi pia. Asipokuwa nacho, huenda anasubiri tu alama ya X ya kubomolewa.