Naomba ushauri: viungo vya makala havifunguki kwa wanafunzi walio nje ya chuo
Ndugu zangu, ninafundisha chuoni kwa njia ya mtandao, na darasa langu liko kwenye Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni. Kiungo cha makala kutoka hifadhidata ya maktaba hunifungukia mara moja nikiwa ofisini, lakini mwanafunzi aliye nyumbani hukutana na ukurasa unaomtaka alipie, kwa kuwa hifadhidata humtambua msomaji kwa anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayotambulisha mtandao wa chuo. Nilitaka kupakia PDF zenyewe. Mkutubi akanionya, tena kwa haki, kwamba mikataba mingine ya maktaba na wachapishaji hairuhusu. Je, niombe viungo vyote vipitishwe kwenye seva wakala ya maktaba (proxy), inayomfanya msomaji aliye nje aonekane kama yuko chuoni, ingawa wengi wanasomea kwenye simu na kuingiza nywila mara ya pili huwachosha, au nihamie majarida huria (yanayosomwa bila malipo) yaliyoorodheshwa DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida hayo, ambako mada zangu mbili za mwisho bado hazijapata makala za kutosha?