Tamthilia za majambazi zikiisha vibaya mnaridhika au mnajiona mmepigwa? Tupeane uzoefu

Kobazi la Zamani:
Wakuu habari za wikendi. Juzi usiku nimemaliza The Shield, najua nimechelewa, kitu kiliisha Novemba 2008 na mimi ndo naimaliza sasa, ila bando letu mnalijua. Toka juzi sina amani, nikaona nije tuongee.

Kwa ambao hamjaiona (na humu mtatobolewa miisho ya kila kitu, msije mkalalamika): ni polisi wa Los Angeles, kikosi kidogo cha kupambana na magenge, kiongozi wao kipara mmoja anaitwa Vic Mackey. Episodi ya kwanza kabisa inaisha anampiga risasi polisi mwenzake aliyepandikizwa kuwachunguza. Ya kwanza jamani! Halafu unakaa nae sizoni 7, unamzoea, unamuona anavyohangaika na watoto wake wawili wenye usonji, unajikuta unamuombea asikamatwe, muuaji yule.

Na kweli hafungwi, ndo kinachoniua. Anapata kinga kwa watu wa uhamiaji wa serikali kuu, anakalishwa kitini anatapika yote aliyofanya miaka hiyo yote, mama wa watu anayemrekodi anabaki mdomo wazi na hawezi kumgusa maana karatasi imeshasainiwa. Ila sasa. Mke na watoto wamefichwa na serikali hatowaona tena, Ronnie aliyekuwa nae mpaka mwisho anafungwa pingu mbele yake, Shane mwenzao wa kikosini ndo usiseme, kampa sumu mke mjamzito na mtoto wao halafu akajimaliza. Vic anapewa suti, meza na kompyuta awe anaandika ripoti miaka mitatu. Inaisha yuko peke yake ofisini usiku, anasikia ving'ora huko chini mtaani, anaenda dirishani, anarudi anachukua bastola anachomeka kiunoni anaondoka. Basi, majina yanapanda.

Wife akaniuliza mbona kama umetoka msibani, nikamwambia tatizo hajafa. Sisi tumekuzwa na staringi hafi, hii nyingine ya staringi hafi ila angekufa ingekuwa nafuu hatukufundishwa.

Mimi nimeumia na nimeridhika, vyote kwa pamoja, sijui kama naeleweka. Ule mwisho ni deni la episodi ya kwanza, alikopa kwa yule mwenzake na nilikuwepo anakopa. Nyie yenu ipi?

Chai Kavu:
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Pwagu:
Ghost, yule muuza unga wa tamthilia ya Power, kupigwa risasi na mwanae wa kumzaa, Tariq. Sijasamehe mpaka leo na sina mpango.

Mtoto wa Ziwani:
Hahaha ngoja niwape aibu yangu. The Sopranos nilinunua kwa kijana mmoja hapa Mwanza alikuwa anachoma sizoni kwenye DVD, nikaiangalia karibu miezi miwili nikitoka kazini. Siku ya mwisho nimejipanga, soda, chipsi. Tony, yule bosi wa mafia, kakaa mgahawani na mkewe na mtoto wa kiume wanakula vitunguu vya kukaanga, binti yao yuko nje anahangaika kupaki gari, kuna jamaa kaingia chooni simuelewi elewi, kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, GIZA. Kimya. Nikajua LUKU imeisha, naangalia taa ya chumbani inawaka. Nikajua sahani imekwaruzika, nikaitoa nikaifuta na fulana nikarudisha, giza palepale.

Asubuhi niko dukani kwa yule kijana nimefura, naongea kwa sauti wateja wasikie, kwamba anauzia watu vitu vilivyokatika. Hakubishana. Akachukua sahani nyingine mpya akaiweka kwenye tivii ya dukani akapeleka mbele mpaka pale mgahawani, watu wameshajaa mlangoni wanataka kuona nani mwizi. Kengele, Tony anainua macho, giza. Akaniambia "kaka wewe ni wa nne." Nimepita njia nyingine mwezi mzima.

Baadae nikasoma kumbe Wamarekani wenyewe Juni 2007 walidhani kebo zao zimekatika, nikajisikia afadhali. Ila nikuambie kitu Kobazi, nilirudia ile sizoni ya mwisho, kuna sehemu Tony yuko kwenye boti na shemeji yake Bobby wanaongelea kufa, Bobby anasema pengine ikitokea hata husikii. Nikaganda. Yaani walishaniambia mapema mimi nikawa nakula chipsi. Kwa hiyo jibu langu, siku ile nilipigwa, sasa hivi nimeridhika, katikati hapo imepita kama miaka minne.

Nai Mashariki:
Sasa watu wa TZ, mimi nasoma tu huku Nairobi lakini hii lazima nichangie. The Wire. Omar. Huyo jamaa alikuwa anaibia wauza unga na bunduki, akipita mtaa watoto wanapiga nduru Omar anakuja, hata aliruka kutoka balcony ya juu akatembea na mguu umevunjika. Nikajua huyu atakufa kifalme, vita kubwa, muziki. Wacha. Ameingia kwa duka kununua sigara, katoto kadogo kanaitwa Kenard kakamtwanga risasi ya kichwa akiwa amegeukia mwenye duka, imeisha. Hata gazetini hawakuandika, nafasi ilikuwa imejaa.

Nilifunga laptop nikatoka nje nikasimama kwa stage kama mtu anangoja matatu na sikuwa naenda mahali. Wiki mbili sikuigusa. Lakini nikikumbuka, sizoni ya 3 kuna watoto wanacheza vita barabarani baada ya watu kuuana, wanazozania nani atakuwa Omar. Sasa ulitarajia nini kwa mtaa kama huo? Mimi nimekulia Eastlands, najua vijana wawili waliokuwa wanaogopwa hivyo, na wote hawakuenda kwa vita kubwa. Ni asubuhi tu, mtu ametoka kununua maziwa.

Mama Kijacho:
Mimi nitawapinga wote humu, mniwie radhi. Nilikuwa karani wa mahakama, sitasema wapi. Nimekaa pale miaka tisa naita majina ya mashahidi wasiokuja. Upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, siku moja wakili wa serikali anasimama anasema DPP, mkurugenzi wa mashtaka, hana nia ya kuendelea na shauri, mtu anatoka kizimbani anaenda kunywa supu hapo nje na mama wa marehemu kakaa kwenye benchi bado hajaelewa kilichosemwa, ananiuliza mimi "mwanangu, ndo tumeshinda?" Hilo swali nimeulizwa, sijahadithiwa.

Sasa nikirudi nyumbani saa mbili usiku nimebeba nyanya, mtu aniwekee tamthilia ambayo mwovu anatoka huru ili nitafakari? Nitafakari nini ambacho sikuwa nacho mchana? Mwisho mbaya ninao wa kutosha, mimi naangalia zile za polisi ambazo dakika ya arobaini mtu kakamatwa, kakiri, analia. Najua ni uongo, ndo maana naulipia king'amuzi. Mnaosema mwisho mchungu ndo wa watu wazima, nadhani wengi wenu hamjawahi kuibiwa hata pikipiki.

Kobazi la Zamani:
Dada nimekusoma mara mbili. Kweli mimi sijaibiwa pikipiki, nimeibiwa simu tu na sikwenda hata kuripoti. Ila ngoja nijitetee kidogo, The Shield haikunipa mwovu anayekunywa supu. Vic hana pa kunywea hiyo supu, hana wa kunywa nae. Labda ndo kinga yenyewe ilivyo adhabu? Sijui, pengine nasema hivi kwa sababu sikukaa kwenye lile benchi.

Mama Kijacho:
Hana wa kunywa nae lakini anapumua. Tuishie hapo, maharage yanaungua.

Mzee wa Kibanda:
Nyie watoto wa juzi. Sisi tumekaa kibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto, tivii moja inchi kumi na nne imefungwa juu na nondo, tuna mtu wetu wa kutafsiri anashika maiki muvi nzima. Kuna siku imewekwa muvi ya majambazi ya Hong Kong, staringi mwishoni anakufa kabisa, kabisa, kaloa damu, mwanamke analia juu yake. Banda kimya. Mtafsiri nae kakwama, maana anajua hawa watu wamelipa na kesho anawahitaji. Kakohoa akasema kwenye maiki, "Hapa staringi kazimia, wanampeleka hospitali, sehemu ya pili atalipa kisasi, inakuja Jumamosi."

Banda likalipuka kwa shangwe. Jumamosi tukaja wote, tukawekewa muvi nyingine tofauti, staringi mwingine kabisa hata sura hawafanani, na yule mtafsiri anatuambia "daktari kambadilisha sura ili maadui wasimjue." Na tukakubali! Nimegundua nina miaka 30 na kitu kwamba yule bwana alikufa siku ileile. Nikamkasirikia mtafsiri kwa dakika mbili hivi.

Pwagu:
Daktari kambadilisha sura 😂😂 mzee nimemwaga chai

Kinyozi Msomi:
Ozark ndo wizi. Aprili 2022 sitaisahau. Ruth kapigwa risasi nje ya kwake usiku, familia ya Byrde, wale watakatisha pesa za wauza unga, wako salama wanarudi nyumbani, mpelelezi kawapata na ushahidi, yule mtoto wao aliyekuwa na roho nzuri kashika bunduki, skrini nyeusi, pwaa. Sio kwamba ni chungu, uchungu nauweza, Walter White wa Breaking Bad alikufa kwenye maabara ya unga nikapiga makofi. Hawa hawakulipa chochote, aliyelipa ni binti maskini wa trela. Unakuta kinyozi kama mimi unamuelewa Ruth kuliko wao.

Nai Mashariki:
Lakini si ndio maana yake? Matajiri wanatoka, maskini anazikwa.

Kinyozi Msomi:
Maana yake nimeipata bro, raha ndo sijaiona.

Mjukuu wa Muheza:
Yangu ni ya bibi yangu. Prison Break tulikuwa tunaiangalia nae likizo, Kiingereza hajui hata salamu, mimi ndo mtafsiri wake, na alikuwa anamwita Scofield "mwanangu yule wa ramani" kwa ajili ya zile tatuu zenye ramani ya gereza. Mwisho wa sizoni ya 4 mnaujua, pua inatoka damu, mara miaka minne imepita, Sara mke wa Scofield na mtoto wao, na kaka yake Scofield na wale wenzake wako makaburini. Mimi namtafsiria huku koo limenikaba. Bibi akaacha kuchambua mchele akaniuliza, "Maiti umeiona?" Nikasema bibi si hilo kaburi lake, jina lake lile pale. "Kaburi nimeliona. Nakuuliza maiti." Nikamletea na ile The Final Break anapojitoa mhanga kwa umeme ili Sara atoke gerezani, cheche zinaruka, nikamwambia haya sasa bibi. "Cheche nimeziona. Damu ya pua haiui mtu, na cheche si maiti. Huyo yupo, kuna watu wamemficha." Ikawa utani wa ukoo mzima, mtu akikopa asipolipa bibi anasema nae kaenda alikoenda mwanangu wa ramani.

Alifariki 2014. Mwaka 2017 wakatoa sizoni ya 5, Scofield yuko hai, yuko gerezani Yemen, kuna watu wamemficha. Niliiangalia chumbani kwangu Dar, ile sekunde anageuza uso nikapiga kelele "bibi!" kwa sauti, mpaka mpangaji mwenzangu akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini. Ukiniuliza kama sizoni ya 5 ni nzuri, wengi wanasema iliharibu. Mimi sijui. Siwezi kuijadili.

Chai Kavu:
Karanga zimenishinda.

Kobazi la Zamani:
Mjukuu pole sana kaka. Naomba na mimi niwe nauliza hivyo kuanzia leo, maiti umeiona.

Mgeni Mpya 09:
Samahani wakuu nimechelewa, hiyo ya polisi kipara inapatikana wapi na ina maandishi ya chini? Msiniambie inaishaje.