Redio zetu na muziki mpya wa Kenya: mpaka Ulaya wapige ndo na sisi tusikie?

Wakuu, heshima kwenu. Nimekereka na leo sizunguki.

Mimi ni mtangazaji wa redio moja hapa Arusha (jina naliacha, kazi bado naitaka). Niliomba saa moja tu ya Jumapili usiku, nipige wasanii wapya wa Kenya wanaojitegemea, wasio na lebo kubwa wala meneja wa kutembeza bahasha. Siyo Sauti Sol, hao hawahitaji msaada wangu. Nasemea kina Maya Amolo, Karun yule aliyekuwa kundi la Camp Mulla, Coster Ojwang na Kijaluo chake, kundi la rap la Wakadinali wa Eastlands, Nairobi. Kutoka hapa Nairobi ni karibu kuliko Dar, jamani.

Kikaoni mkuu wa vipindi hakusikiliza hata wimbo mmoja. Nimemwekea spika mezani, yeye kashika simu, kaingia YouTube, kashuka moja kwa moja kwenye idadi ya watazamaji, kanigeuzia kioo: "Elfu nne? Huyu tunampigia nani?" Spika inaendelea, besi inatikisa kikombe chake cha chai, na mtu sikio hajalitega. Sasa kama wimbo lazima uje redioni ukiwa umeshajulikana, redio ina kazi gani? Kusoma matangazo ya sabuni?

Eti msikilizaji hataki vitu vigeni. Vigeni vipi? Asubuhi mpaka jioni ni Wanigeria na amapiano, Kizulu hakuna anayekielewa mjini hapa lakini kiuno kinaelewa. Sheng ya jirani ndo imekuwa ngumu!

Kinachouma zaidi, wenzetu wa mbali wanawasikia. KMRU, kijana wa Nairobi, albamu yake ya 2020 ilitolewa na lebo ya Austria. Duma, kundi jingine la Nairobi, mwaka huohuo wakatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Sawa, Duma siwezi kuwapiga watu wakiwa mezani, zile kelele bibi anaweza kuzimia.) Na ni haohao Nyege Nyege waliochukua singeli ya studio ya Sisso pale Dar, wakaitoa 2017, Wazungu wakaanza kurukaruka. Mabasi ya Nairobi yanajaa hapa kila siku, vitenge vinavuka, nyanya zinavuka, wimbo hauvuki.

Nao wasanii wa Kenya wana lao, sitawaremba. Tangu Spotify ifungue huduma huku mwaka 2021, kila mtu anadhani kiungo kinatosha. Naomba faili la kurusha hewani, natumiwa kiungo. Mwingine kanitumia kipande cha TikTok kilichokatwa katikati ya kiitikio! Toleo lisilo na matusi, hakuna. Ndugu yangu, hiyo Sheng yako nikiirusha nzimanzima, TCRA, wale wasimamizi wa utangazaji, hawatauliza kama nilielewa. Wimbo mwingine nikaushusha bure mtandaoni, kumbe umetanguliwa na tangazo la biashara, dada anachekelea kabisa kabla ngoma haijaanza. Nikakaa na kompyuta usiku kulikata, nikakata na pumzi ya kwanza ya mwimbaji.

Mwisho nikaenda Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki. Pale unanunua, unapata faili safi, na sehemu kubwa ya hela inamfikia msanii mwenyewe. Nimelipa kwa kadi yangu, hela yangu, nyimbo za kipindi cha ofisi.

Na msidhani Nairobi kwenyewe wanapendwa. Wakenya walishaanzisha hadi kampeni ya #PlayKE kuzililia redio zao ziwapige wa nyumbani, maana hewa ilikuwa imejaa Wanigeria na, nani mwingine, Bongo Fleva yetu. Sisi kwao tunapigwa mpaka wanalalamika, wao kwetu wanaombwa idadi ya watazamaji.

Saa niliyoomba kapewa jamaa wa kuchambua mikeka ya kubeti. Jumapili usiku, mechi zimeshaisha! Anachambua nini?

Msanii wa Kenya unayesoma hapa, au mwenye ndugu yake: nitumie PM faili la WAV, toleo safi, na mstari mmoja wa kueleza wewe ni nani. Nitayapenyeza katikati ya salamu za wasikilizaji, atakayegundua na agundue. Na wewe bosi, najua humu unaingia kwa jina la bandia. Risiti za Bandcamp ziko mezani kwako tangu mwezi uliopita.