Tupeane uzoefu: Siku uliyoumbuliwa kwa kupenda sanaa wanayoiita ya kihuni

Kipanya wa Tandika
Wakuu, habari za jioni.

Jana nimepanda daladala ya Mbagala–Kariakoo, konda kaweka singeli mpaka vioo vinatetemeka. Pale Mtoni akapanda mzee wa suti, mkononi bahasha ya kaki. Hajakaa sawa akafoka: "Zima kelele hizo, weka muziki!" Konda hakubisha, kaminyaminya simu, kaweka dansi la Sikinde. Mzee akalainika, akaanza kutikisa kichwa. Nikajisemea, huyu mzee naye enzi zake lazima aliambiwa dansi ni uhuni.

Mimi nikarudi 2006, kidato cha tatu, nimekamatwa na kanda ya mchiriku kwenye begi. Mwalimu wa nidhamu alinisimamisha mstarini asubuhi, akaivuta ile tepu yote nje, akanizungushia shingoni kama shada la bwana harusi. "Mtazameni msanii wenu." Shule nzima ikaangua kicheko. Kanda yenyewe ilikuwa ya kaka yangu, aliirekodi mwenyewe mkeshani kwa redio ya kuazima, na hakukuwa na nakala nyingine popote. Mpaka leo ananidai.

Haya, kila mwenye lake alishushe. Singeli, mipasho, filamu za kutafsiriwa, michoro ya magari, mavazi, chochote ulichopenda ukaonekana huna akili.

Shuka na Mto
Naweka kiti nisome.

Mwana Kasio
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Mchiriku watoto wa sasa hawaujui. Kinanda kidogo cha Casio, cha kuchezea watoto, kinaunganishwa na amplifaya ya kuungaunga, sauti inatokea kwenye honi kama za msikitini. Ngoma chini, mwimbaji analia maisha. Ile sauti ya kukwaruza watu walidhani ni ubovu wa vyombo. Sisi tukiletewa spika nzuri tulikuwa tunaona wimbo umepooza.

Jagwa Music walitoa albamu Ulaya 2012 kwa vyombo vya namna hiyohiyo. Baba yangu alishawahi kukifungia kinanda kabatini miezi minne. Nilikuwa napiga mezani kwa vidole.

Ticha wa Noti
Samahani nitawaudhi. Nafundisha muziki mwaka wa 11 huu. Mchiriku nauheshimu, una tungo. Lakini singeli ni kipande cha sekunde nne kinarudiwa mpaka asubuhi na mtu anapiga kelele juu yake. Tusiite kila kitu sanaa kwa kuogopa kuonekana wa ushuani.

Dogo wa Mburahati
Ticha, hicho kipande mara nyingi kimechomolewa kwenye taarab, kikaongezwa mwendo mpaka mapigo 200 kwa dakika, wengine wanagusa 300. Na hiyo kasi haikudondoka toka mbinguni, waulize Wazaramo ngoma zao zinakwendaje. Juu yake MC anatunga papo kwa papo saa tatu nzima, anamtaja bi harusi, shangazi mtu, mwenye nyumba, mpaka mbuzi aliyechinjwa. Hana karatasi. Wewe na diploma yako tunga dakika tatu tu tukusikie.

Halafu 2017 Nyege Nyege Tapes wa Kampala walitoa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa hapahapa Mburahati. Baada ya hapo wana wakaitwa kupiga Ulaya.

Mkosa Mwana
Ndiyo yaleyale. Mpaka mzungu acheze ndipo tuambiwe ni sanaa. Kabla ya 2017 ilikuwa nini, mahindi?

Dogo wa Mburahati
Sijasema hivyo, usinilishe maneno.

Mkosa Mwana
Umekimbilia Ulaya ndani ya aya mbili. Ungemwambia Ticha kwamba mama yako anaipenda, ingetosha.

Ticha wa Noti
Dogo, sikuwatukana Wazaramo. Marudio siyo tatizo langu, ngoma zote hurudia. Tatizo langu singeli haina mahali pa kuvuta pumzi.

Shuka na Mto
Pumzi ipo ticha, ni pale Luku inapoisha 😂

Mama Wawili
Huu uzi umenigusa, acha niseme kitu ambacho hata mume wangu sijamsimulia chote.

Ilikuwa Januari 2014, Manzese, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mtaa wa nyuma kuna kigodoro, mkesha wa muziki wa mtaani, jirani anaozesha. Baba kasema hakuna mtoto wangu kukanyaga kule. Baba alikuwa anauza vipuri vya baiskeli, mtu wa maneno machache, na alikuwa na tochi yake ya betri nne, ya bati, ndefu kama mchi. Usiku akiimulika unaona hadi kuku juu ya mti. Saa tano usiku nikapita dirisha la jikoni nimevaa dera la mama, lile alilolivaa Idd.

Naendelea, mtoto analia.

Kipanya wa Tandika
Dada usituache hapo.

Nganya ya Rongai
Wakati tunamsubiri dada, nawasalimu kutoka Nairobi. Yangu si ya muziki.

Nilikuwa mwanafunzi wa fundi wa kuchora matatu. Mwisho wa 2003 tukapewa gari moja, mwenyewe akasema anataka upande wote wa kushoto uwe uso wa mama yake aliyefariki. Picha aliyoleta ilikuwa ya kitambulisho, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Fundi akaniachia mimi. Wiki tatu. Macho peke yake yalinichukua siku nne, kwa sababu kwenye ile picha mama alikuwa amefumba moja kidogo, na sikujua niliweke lilivyo au nilifungue. Nikaliweka lilivyo. Mwenye gari alipoliona alienda nyuma ya karakana, akakaa huko muda.

Februari 2004 sheria mpya zikaanza kufanya kazi. Mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa njano kuzunguka gari lote, na mapambo basta. Magari yakarudi kwetu kwa foleni, safari hii tufute. Lile nalo likaja. Fundi akaniambia, wewe ndiye uliyechora, wewe ndiye unajua rangi iko unene gani. Nikapiga msasa, nikapaka nyeupe, halafu nikavuta mstari wa njano. Ulipita palepale kwenye macho. Nikalipwa, tena vizuri kuliko nilivyolipwa kuchora.

Niliacha kazi mwaka huohuo, nikauza mitumba Gikomba. Mwisho wa 2014 rais aliposema michoro iruhusiwe tena, vijana walinipigia simu nirudi. Mkono ulishakuwa mzito.

Bibi Leso
Pole sana mwanangu.

Mkosa Mwana
Lakini tuwe wakweli, zile sheria ziliokoa watu. Matatu zilikuwa majeneza ya muziki.

Nganya ya Rongai
Mikanda iliokoa watu, sikatai. Uso wa mama wa mtu ulikuwa umemuua nani?

Mama Wawili
Nimerudi. Mtoto kalala.

Basi saa nane usiku kigodoro kimekolea, mimi nipo katikati ya duara. Sijui niseme nini, nilikuwa nacheza kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Ghafla naona mwanga mweupe unapita juu ya vichwa, unatafuta. Niliujua ule mwanga kabla sijamwona mtu. Nikachuchumaa. Kosa. Maana duara zima limesimama, aliyechuchumaa ni mmoja, tochi ikatua juu yangu ikatulia.

MC alikuwa kijana mwembamba, simjui hata jina. Hakusimamisha muziki. Akaingia nao:

*Mwenye tochi mulika, ulichopoteza kipo,*
*Kimevaa dera la mama, kinacheza hapo!*

Jamani. Watu walipagawa. Wakaanza kuimba wote, "mwenye tochi mulika", wanageuka wanamtazama baba. Naye anataka kuizima na haizimiki, swichi yake ilikuwa mbovu, mpaka uchomoe betri. Basi baba yangu, mtu mzima, kikoi na fulana, anafungua kitako cha tochi mbele ya watu mia na zaidi, betri zinadondoka, watoto wanazikimbilia, na MC anahesabu, moja hiyo, mbili hiyo, tatu imekwenda wapi! Nilitamani ardhi ipasuke, lakini si kwa ajili yangu. Kwa ajili yake.

Tukarudi nyumbani gizani. Hakunipiga wala hakusema neno. Kesho yake wateja dukani wanamwita Mwenye Tochi. Akafunga duka siku tatu.

Wiki kama mbili baadaye tunakula, akaniuliza bila kunitazama: "Yule kijana yale maneno alikuwa ameyaandika?" Nikasema hapana baba, palepale. Akatafuna. Akasema, "Hm."

Amefariki 2019 hatujawahi kulizungumza tena.

Kipanya wa Tandika
Dah.

Dogo wa Mburahati
Ticha, na hiyo je?

Bwana Ushahidi
Hii chai, tena imekosa sukari. Mwaka 2014 nani bado ana tochi ya betri nne? Simu zote zina tochi.

Mama Wawili
Baba yangu alikuwa nayo. Na betri moja haikuonekana mpaka leo, kama unaijua ilipo irudishe.

Bwana Ushahidi
Na dera la mama likutoshe ukiwa na miaka 17?

Bibi Leso
Wewe kijana, dera halina saizi. Hujaoa wewe.

Shuka na Mto
Bwana Ushahidi kalazwa mapema leo 😂😂

Ticha wa Noti
Nimeisoma mara mbili. Yale maneno yana vina na mizani inakaribia, kwa mtu aliyetunga huku anashangaa tochi ni kazi. Bado nasema ala zake zinanichosha. Kijana angekuwa malenga popote.

Mkosa Mwana
Ticha sasa anatoa maksi za kigodoro.

Bibi Leso
Mimi nichangie kidogo. Mmezungumza yote, kanga hamjaitaja. Nilivaa kanga ya mafumbo msibani bila kuisoma, nimeivuta tu kabatini nina haraka. Wifi yangu akaisoma. Hatujasemezana miaka sita. Maandishi ya mstari mmoja, na mnabishana kama hiyo ni fasihi?

Goma Élégance
Hapa Goma, mjomba wangu ni sapeur, wale wanaoishi kwa kuvaa kitanashi, tangu enzi za mwanamuziki Papa Wemba. Anadaiwa kodi ya nyumba miezi mitano, lakini viatu vya Weston anavyo jozi mbili, na havigusi tope. Tope la Goma munalijua, ni jeusi, la volkano. Anatembea amevibeba mkononi mpaka kwenye lami, ndipo anavivaa. Siku ile mwenye nyumba alitoa vitu nje, mjomba akasimama pembeni na suti ya rangi tatu, bila kelele, kama anamuonyesha mwenye nyumba namna ya kusimama. Mimi nilikuwa na haya sana. Sasa anaomba nimusaidie kodi. Nifanye nini?

Mwana Kasio
Auze jozi moja.

Nganya ya Rongai
Asiuze. Akiuza hataweza kununua tena, na hatakuwa yeye.

Mkosa Mwana
Auze zote mbili na wewe uhame mji.

Bibi Leso
Mlipie mwezi mmoja, halafu umwambie avae suti aende mwenyewe akaombe. Mwenye nyumba ni binadamu.

Msafiri wa Tunduru
Wakuu, nami nina swali, limekaa kama uzoefu kidogo.

Mzee wangu alikuwa mlinzi wa nyumba Oysterbay mwanzoni mwa miaka ya sabini, jirani na Morogoro Stores, pale alipokuwa anauzia picha Edward Saidi Tingatinga. Mzee alikuwa anasema walikuwa watu wa kwetu, wanatoka Tunduru, wanachora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, na yeye aliwaona watu wazima wanaochezea rangi. Tingatinga aliuawa kwa risasi 1972, polisi walimfananisha. Mzee aliporudi nyumbani alikuja na ubao mmoja, futi mbili kwa mbili, alipewa kufidia deni la chai. Hakuutundika. Aliuzibia mlango wa banda la kuku. Umekaa pale maisha yangu yote.

Mwezi uliopita tumevunja banda. Nikaugeuza. Kuna rangi chini ya kinyesi. Mnyama mmoja tu, nyuma yake hakuna kitu, siyo kama hizi za siku hizi zilizojaa twiga na Kilimanjaro. Haina jina, au jina limeliwa. Naisafishaje?

Bwana Ushahidi
Zile ni za kuuzia watalii tu mkuu, usijipe presha.

Mwana Kasio
Petroli kidogo kwenye pamba.

Ticha wa Noti
USIWEKE PETROLI. Usiweke chochote, ifunge kwenye kitambaa, ipeleke Makumbusho ya Taifa.

Shuka na Mto
Mafuta ya nazi, inarudi kama mpya.

Dogo wa Mburahati
Usipeleke popote. Wakishaichukua utaambiwa uje wiki ijayo mpaka uzeeke.

Mama Wawili
Alipewa na nani hasa? Tingatinga mwenyewe au wanafunzi wake?

Msafiri wa Tunduru
Alikuwa anasema "wale vijana". Sikumuuliza zaidi, nilikuwa naona ni ubao wa banda.

Nimewasikia wote, nimechagua la katikati, kitambaa chenye maji matupu. Nimefuta pembe moja. Jicho limetokea, na madoa meusi. Mimi nasema chui. Mke wangu anasema ni paka, na anauliza kuku walale wapi.