Euro 32 kumwona Mona Lisa: ni ubaguzi au ni biashara?

Mleta mada: Wadau, tangu tarehe 14 Januari 2026 jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ilipo picha ya Mona Lisa, lina bei mbili za kiingilio. Raia na wakazi wa Umoja wa Ulaya, pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein, wanalipa euro 22. Sisi wengine wote 32, eti kusaidia ukarabati. Jumba limejaa masanamu ya Misri, halafu Mmisri ndiye anayetozwa zaidi kuyaona! Mwasemaje?

Mdau wa Arusha: Mkuu, punguza jazba. Mzungu akija Serengeti analipa dola, mimi nalipa shilingi, tena kidogo. Fort Jesus pale Mombasa ni hivyo hivyo. Hilo hatujawahi kuliita ubaguzi.

Mleta mada: Simba wa Serengeti hatukumpora mtu. Mkabala na Mona Lisa kuna Arusi ya Kana, mchoro wa Mwitaliano Veronese kwenye turubai la karibu mita 7 kwa 10. Askari wa Ufaransa chini ya Napoleon waliling'oa kwenye monasteri huko Venice mwaka 1797.

Mdau wa Arusha: Basi Mwitaliano angeingia bure, mbona naye analipa 22? Na Mona Lisa hakuporwa. Mchoraji wake, Leonardo da Vinci, mwenyewe alikwenda naye Ufaransa.

Mdau wa Brussels: Ndugu zangu, mnagombania euro kumi. Mama yangu yuko Lubumbashi. Kinachomzuia ni viza, si tiketi. Halafu huyo Mona Lisa ana sentimita 77 kwa 53, yuko nyuma ya kioo, na mbele yako kuna msitu wa simu. Kumlipia yeye peke yake ni hasara. Mgeuzieni mgongo mumtazame Veronese: mbwa, wanamuziki, watumishi wanaomimina divai, na rangi ambazo picha ya kitabuni haizifikishi. Kisha nendeni ukumbi mrefu wa jirani. Kuna kazi nyingine za Leonardo, na watu wanazipita tu.

Mdau wa Dodoma: Hamjagusa penyewe. Walio chini ya miaka 18 wanaingia bure, watoke popote. Lakini kuanzia 18 hadi 25, bure ni kwa wakazi wa nchi hizo hizo za Ulaya. Mwanafunzi wa sanaa wa miaka 20 anayeishi Lyon halipi kitu; mwenzake wa hapa anatoa 32. Mdau wa Arusha, hiyo nayo utaitetea kwa Serengeti?

Mdau wa Arusha: Hiyo hapana. Mwanafunzi aingie bure, kwao na kwetu.